Kimashine Kilichonyamaza

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa wanangu wawili. Natumaini hamjambo nyote huko kwenye kambi ya kazi, na kwamba kifua cha wifi kimepoa tangu ulipoandika. Mimi mwili hauna neno. Miguu inatembea, chakula kinapita, presha ya damu imetulia mpaka muuza dawa wa hapa chini analalamika kwamba nitamfungia duka. Zaidi ya hayo nina habari moja ndefu, na ndani yake limo jambo ambalo nimelikalia muda mrefu. Nitalifikia. Niache nianze na kimashine, maana ndicho kilichonitoa mafichoni.

Kile kimashine cha muziki ulichoniachia kilinyamaza siku kumi zilizopita. Unakumbuka ulivyokihangaikia. Uliweka juu ya programu yake ya kiwandani programu nyingine, iliyotengenezwa na watu wanaozigawa bure, ili kila ninapobonyeza kitufe kimashine kinitajie kwa sauti nilipo. Ukajifungia chumbani siku mbili ukirekodi maneno moja moja kwa sauti yako mwenyewe: Nyimbo, Redio, Rudi nyuma, Betri inakwisha. Wakati ule jicho langu la kushoto lilikuwa limeshakwenda, lakini la kulia lilikuwa bado linasoma gazeti, nami nikakuambia unajisumbua bure. Ukasema ni akiba tu. Ukanieleza pia kwamba ile programu ya kiwandani bado imo humo ndani na namna ya kuirudia, ila nilikuwa napika na maelezo yako yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Asubuhi hiyo nilikitoa kwenye kifuko nilichokishonea, nikabonyeza kitufe cha kuwashia, nikangoja uniamkie. Wewe mwenyewe ulitaka kila kikiwaka kianze na Shikamoo, dada. Hakikusema kitu. Nikakichaji kutwa nzima. Nikabadilisha hedifoni. Nikashikilia kitufe nikahesabu mpaka thelathini, nikarudia mpaka sitini, kisha nikakigombeza kama nilivyokuwa nikiwagombeza makarani wapya pale ofisini, waliokuwa wakiniita Bi Mashine wakidhani sisikii. Kimya. Siku tano nilikaa nacho hivyo, na nyumba hii ya vyumba viwili ikawa kubwa kuliko ninavyoweza kukueleza. Nilikuwa nasikia friji ikizima, nangoja iwake tena ili nipate cha kusikiliza.

Siku ya sita nikakipeleka kwa fundi redio wa kwenye kona. Huyu ni mtu mzima, mwenye haraka, na anaongea akiwa na skrubu mdomoni. Alikishika kidogo tu akaniambia, mama, hiki kizima, vitufe vilikuwa vimefungwa na hii swichi ya pembeni, ona kioo kinavyowaka. Nikamwambia naona. Akanipigia wimbo mmoja, akakataa malipo, nikarudi nyumbani nikiwa nimeaibika kidogo na nimefurahi sana.

Nyumbani nikakaa kitandani nikabonyeza. Wimbo ulisikika, lakini sauti yako haikuwepo. Nikabonyeza tena nikatumbukia kwenye redio yenye mikwaruzo, nikajaribu kutoka, kikakaa kimya kabisa. Hapo nikaamini fundi amekufuta. Sijakasirika hivyo tangu nistaafu. Siku mbili nilipika na kufua huku nikimtungia yule bwana maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa wanangu wanajua kusoma.

Nikamrudia kwa shari. Nikamwambia amefuta kitu ambacho hawezi kukilipa. Naye kwa mshangao akasema hajafuta hata herufi moja, nyimbo zote zimo, redio imo, si nisome mwenyewe, yote yameandikwa hapo. Akakisogeza karibu na uso wangu, naye akazidi kuuliza, si hapa, mama, si hapa. Nyuma yangu alikuwepo mteja mmoja aliyeleta pasi. Nikasema sioni. Nilimwambia kwamba hata siku ile ya kwanza nilikuwa sioni, na kwamba naye simwoni. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu mbele ya mtu yeyote.

Akatema zile skrubu, akanivutia kiti. Safari hii akaniuliza taratibu kimashine kilikuwa kikifanya nini kabla ya kunyamaza, nikamweleza habari ya sauti. Akatafuta kwenye simu yake, akasoma kwa muda, kisha akanifafanulia. Kumbe ukikiwasha wakati swichi ya pembeni imefungwa, kinafungua ile programu ya kiwandani, na hiyo haisemi, ni ya watu wenye macho. Kosa ni la kifuko changu. Nilikipunguza upana kwa sindano ili kimashine kisichomoke, kikawa kinaisukuma swichi kila ninapokivuta nje. Hakikuwa kimekufa hata siku moja. Siku zote zile kilikuwa kinawaka mkononi mwangu, kinangoja nisome.

Akakizima, akafungua swichi, akakiwasha akiwa amechomeka spika ya dukani kwake. Ukasema Shikamoo, dada, duka zima likasikia. Nami nikajibu marahaba, kama ninavyokujibu kila asubuhi. Mwenye pasi akacheka, kisha akaacha. Fundi akaniuliza huyu ni nani, nikamwambia ni mdogo wangu, nimemlea mwenyewe tangu ana miaka sita. Akauliza kama unajua hali yangu. Nikamjibu anajua.

Hujui, mdogo wangu. Jicho la kulia lilizimika mwaka jana mwezi wa tisa. Daktari wa macho alisema ni ile presha ya ndani ya jicho na kwamba halitarudi. Umekuwa ukizisifu barua zangu kwa unadhifu, na ni nadhifu kwa sababu vidole vilivyopiga taipu miaka thelathini na moja havihitaji kuangaliwa. Za kwako ananisomea muuza dawa, anayedhani nimepoteza miwani, haraka haraka bila kupumua, kana kwamba ananiambia nimeze mara tatu kwa siku. Mwezi wa nne ulipokea karatasi mbili nyeupe, ukanitania kwamba siku hizi nina siri. Nikakujibu kwamba nilichanganya karatasi kwenye bahasha. Karatasi zilikuwa zile zile nilizopiga taipu. Utepe wa taipu ulikuwa umekauka nami sikuwa na namna ya kujua, nikakaa hapa saa mbili nikikuandikia barua ambayo haipo. Hii nimempa fundi aangalie ukurasa wa kwanza, naye amenihakikishia kwamba wino unashika.

Jirani wa mkabala ninayekuandikia habari zake alihama kabla ya mwaka kwisha. Kwaya nimeacha. Wale wageni wa Jumapili niliwabuni, pamoja na yule mwenye kikohozi uliyempenda. Nilifanya hivyo kwa sababu uliapa kwamba siku nitakaposhindwa kusoma utaacha kazi urudi, na kazi hiyo nilikusomeshea mimi, sikutaka uiache kwa ajili yangu.

Na muziki sisikilizi. Nikikiwasha kimashine nakwenda kwenye Mipangilio, kwa sababu ulipokuwa ukilirekodi neno hilo mlango ulifunguka, wifi akacheka, nawe ukacheka katikati ya neno ukaliacha vivyo hivyo. Nakwenda hapo kila siku, mara nyingi, na sina cha kupanga. Nina upweke. Nimeliandika neno hilo na siwezi kulifuta, maana sijui liko mstari gani.

Kwa hiyo naomba sasa nililokataa mara tatu mliponialika, kuja kuishi kwenu. Usiache kazi. Uliandika kwamba katika nyumba mliyopewa kuna chumba nyuma ya jiko ambamo mnaweka mifuko ya saruji. Muulize wifi, na umuulize kweli, usimwamulie. Akikubali, itoeni. Nitakuja na taipu, matandiko yangu na ukaidi wangu, huo wa mwisho anaujua. Ukipata likizo uje unichukue. Nikiambiwa hapana nitaelewa, mradi nielezwe ukweli, ingawa mimi ndiye wa mwisho wa kudai ukweli.

Nisalimie wifi, mwambie apumzike. Wanangu wabusu, uwaambie shangazi yao hajambo, kisha uwaambie na hilo la macho, kwa maneno mepesi, wasije wakaniogopa.

Siku ukija, mlango utaukuta wazi. Najua utataka kusimama kwanza unitazame. Usinitazame kimya. Sema.

Ni mimi,
dada yako