Askari wa Darajani

Hodan mjukuu wangu, asalaam aleikum. Hapa Waberi tu wazima, alhamdulillahi, na mama yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini narudia tena mchezo wetu wa vita wa kwenye simu. Ile sura mpya uliyonipakulia inataka askari mmoja abaki darajani ili wenzake wavuke. Nimerudia mara tisa.

Ujanani, wakati wa ukame, tuligawa ngamia. Wenye nguvu niliondoka nao kutafuta malisho; wadhaifu nilimwachia mdogo wangu kisimani. Akacheka, "Nenda bwana, ukirudi utanikuta nimenona kuliko ngamia wako!" Niliporudi nilikuta kaburi.

Sasa askari wa darajani nimempa jina lake, na kila mara kidole changu mwenyewe ndicho kinachombakiza. Niombee dua, Hodan. Kuacha siwezi.

Awowe, babu yako.