Mikono ya Bosi Iliyobaki Hewani

Shoga, nimeumbuka leo kazini, yaani sijui nicheke au nilie!

Unaikumbuka miwani yangu ya VR, ile ukiivaa unajiona uko ndani ya kompyuta? Ile mikono ya kuchorwa ilivyokuwa inarukaruka kama imepandwa na mashetani kila kamera za miwani zikiacha kuziona rimoti za kushika mkononi? Nikairekebisha: rimoti zisipoonekana, mikono inatulia pale ilipoonekana mwisho.

Leo bosi kaijaribu. Kashika rimoti, kanyoosha mikono, kisha, unamjua, kairudisha mgongoni kama anavyofanya akitukagua.

"Hii mikono ya nani?"

"Yako, bosi."

"Yangu iko mgongoni! Yangu iko MGONGONI!"

Ukelele huo, mpaka mhasibu kaja mbio!

Nikajua kazi sina. Nikamwambia naifuta mikono hiyo sasa hivi.

Kavua miwani, katutazama wote. "Usiiguse. Ndiyo mikono pekee humu ofisini inayobaki kazini bila kuangaliwa."