Karanga Ndani ya Kitabu cha Annick

Kyebando, 3 Februari 2025

Mwanangu Annick,

Salamu nyingi mpaka nashindwa kuzibeba. Huko kambini Nakivale unakofundisha unalala vizuri? Kikohozi kimeondoka? Sisi tuko wazima, ni goti langu tu linalalamika nikipanda kilima.

Sasa kaa nikupe habari. Mdogo wako Gradi wamemfanya kepteni wa basketi wa chuo kizima! Timu imenunuliwa basi jipya, lina televisheni ndani. Nimewaambia watu wote soko la Nakawa, hata wasiouliza. Nikamaliza hiyo, nikaanza yako: "Na yule mkubwa kaandika kitabu cha safari yetu ya kukimbia Kongo, kinachapwa chuo hicho hicho." Nelima wa nyanya akaacha kupanga nyanya zake, akanitazama. Nani mwingine soko hili ana mmoja wa mpira na mmoja wa kitabu?

Kitenge cha siku ya uzinduzi nimeshashona, mikono mikubwa hivi. Kitabu kinatoka lini?

Mama yako


Nakivale, 20 Februari 2025

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na goti limetulia. Kikohozi kimepona, ahsante kwa ile tangawizi.

Kitenge kiweke kwanza. Wamefunga idara ya uchapaji. Kurasa zote zilikuwa zimeshachapwa, nakala mia tatu, zilibaki kupangwa na kushonwa tu. Chuo kikasema mwaka huu fungu la vitabu limeenda kwenye michezo. Chumba chenyewe kitawekwa mashine za mazoezi. Bi Lamwaka, mhariri wangu, amefanya kazi pale miaka kumi na tisa. Walimpa barua na keki.

Usimwambie Gradi. Ndiyo anaanza msimu, na si kosa lake.

Mwanao Annick


Kyebando, 5 Machi 2025

Mwanangu,

Habari za huko? Za hapa ni hasira tupu, lakini tunakula.

Keki! Miaka kumi na tisa, keki!

Nilikwenda mwenyewe chuoni. Nimefika darasa la sita tu, lakini mlango najua kuupiga. Kijana wa ofisini, amevaa tai, akaniambia, "Mama, vitabu havijazi uwanja." Nikamwuliza, "Na wewe kusoma ulifundishwa na mpira?" Wenzake wakacheka, yeye akaanza kutafuta kalamu yake.

Annick, mpira siuchukii. Gradi akiruka pale mimi ndiye napiga kelele kuliko wote. Hilo basi lao wampe. Lakini mimi nimelea wawili. Sijawahi kupika ugali nikasema leo anakula mwenye miguu, mwenye kichwa tutamwona mwakani. Uzi na gundi ni kitu gani mbele ya televisheni ya basi? Nilipotoka pale nilitema mate kwenye maua yao. Mungu anisamehe, maua hayana kosa.

Mama yako


Kyebando, 17 Machi 2025

Mwanangu Annick,

Sikungoja jibu. Salamu utazipata mwisho. Uko kwenye kiti?

Unajua karatasi za kufungia karanga ninazouza nachukua kwa Abudu, yule anayepima kwa kilo. Juma lililopita aliniletea mafurushi masafi, meupe, nikasema wateja wangu sasa watakula kwa heshima. Bila miwani mimi naona mistari tu. Nikakunja rundo zima, juma zima. Jana nikafungua rundo la pili. Afande Ojera, yule polisi wa Naguru, mteja wangu wa kila siku, akamwaga karanga mkononi, akatazama karatasi, akaacha kutafuna.

"Mama Annick, wewe si ndiye Perpétue?"

"Ndiye mimi. Kwani nimeiba?"

Akasoma: "Kwa mama yangu Perpétue, aliyetutoa Beni kwa miguu."

Nikakaa chini juu ya gunia. Chuo kimekuuza kwa kilo. Na mimi mama yako ndiye nilinunua, nikakukunja, nikakutia chumvi.

Yote yaliyobaki kwa Abudu nimeyabeba. Kila ukurasa uko kwenye rundo lake peke yake. Usikae kimya, mwanangu. Na salamu.

Mama yako


Nakivale, 25 Aprili 2025

Mama,

Goti vipi? Nisamehe kwa kunyamaza.

Acha hizo karatasi. Maandishi ninayo kwenye kompyuta, na humo ndimo yatakaa. Wanafunzi wameniuliza kitabu kiko wapi, nimewaambia hakuna kitabu. Sitaandika kingine. Gradi ameniambia kuna sherehe ya timu, mama wa kepteni anaalikwa mbele. Vaa kitenge chako, ushangilie.

Mwanao Annick


Kyebando, 12 Mei 2025

Mwanangu Annick,

Mzima wewe? Unakula? Goti langu halijambo, limesahau kuuma kwa sababu ya niliyoyaona.

Nilivaa kitenge. Nikachukua kurasa za ziada, nikafunga karanga, nikawagawia wakubwa wote wa viti vya mbele. Nilisema watakula, watasoma, wataona haya. Mkubwa wa chuo mwenyewe akasema, "Tamu sana, mama!" Akamaliza, akafuta vidole kwa majina ya waliokufa njiani, akaitupa karatasi chini ya kiti. Hakuna aliyesoma hata mstari. Ni uchafu, Annick. Watu wa chuo! Sijui nikuelezeje.

Lakini Gradi aliniona nimeinama chini ya viti naokota. Akaja na jezi yake, akaokota moja, akasoma pale pale amesimama. Walimwita uwanjani mara tatu.

Sasa jioni akitoka mazoezi anapiga pasi karatasi. Ile pasi yetu ya makaa! Mkono mkubwa vile, na hajachoma hata moja. Bi Lamwaka anakuja Jumapili na sindano yake, anatufundisha kushona. Nakala arobaini zinaweza kutoka. Ya kwanza ni yangu, iko tayari, nimemwonyesha Nelima na nitamwonyesha tena.

Imepungua karatasi moja tu, ukurasa wa 41 na wa 42. Ndilo lile rundo la kwanza nililokunja. Liliisha lote kwa wateja, na mimi ndiye nililitoa. Gradi alinisomea ukurasa wa 40, unaishia hapa: "Mama alikuwa anatafuna karanga, anazitoa mdomoni, anamlisha Gradi. Na yeye mwenyewe alikula". Basi. Unaofuata tumeshafika mpakani.

Niandikie hiyo karatasi kwa mkono wako, niibandike. Nilichokula mimi nakikumbuka. Nataka kujua kama na wewe uliniona.

Mama yako