Chakula cha Mkono Wangu

Mulumba wangu, mume wangu wa majuma tisa,

Nimeianza barua hii mara nne tangu alfajiri. Naandika mistari miwili, nasimama, nafagia uwanja ambao nimekwisha kuufagia, narudi mezani. Nyumba yetu ina vyumba viwili tu, lakini leo nimetembea ndani yake mwendo wa kufika Kasomeno. Shati lako la buluu bado liko msumarini. Mimi, mke mzima, niliyefundishwa na masista kukaa sawasawa na kunyamaza, nalinusa kila nikipita. Cheka tu. Cheka polepole, usije ukakohoa.

Unakumbuka ulivyonisindikiza mara ya kwanza kutoka kwenye mazoezi ya kwaya? Ulikuwa na kinga mpya, ile baiskeli ambayo kengele yake ilijulikana mtaani, site nzima. Nilikataa kupanda nyuma, nawe, karani mwenye tai, ukaisukuma kwa mkono mpaka kwa baba. Vijana wa mtaa wa Kenya wakakuzomea njiani: "Karani, kinga yako iko mugonjwa? Unaipeleka ku lopitalo?" Ukawajibu bila kugeuza kichwa kwamba haiumwi, inaona haya tu kutembea karibu na mtu anayeipita kwa uzuri. Nilijifanya sikusikia. Nilisikia, Mulumba. Nililala na jibu lile mwezi mzima.

Na picha yetu ya ndoa! Fotografi alitukataza tusitikisike, wewe ukatikisika, na sasa una nyuso mbili na mimi nina mmoja. Watu walisema bwana arusi ameshindwa kuizuia furaha. Mimi niliyekushika mkono nilijua kwamba ulikohoa. Nilidhani ni vumbi la kiangazi, au moshi wa chimini ya kiwanda. Nilikuwa na furaha mno, sikutaka kujua zaidi.

Kisha bukari yangu ya kwanza. Nilisonga nikiwa nakuangalia wewe badala ya sufuria, ikajaa madonge. Ukala yote, ukaomba na ukoko, nami nikaona haya mpaka machozi. Ukaniambia, "Mi nakula mukono yako, hapana bukari." Majuma saba uliula mkono wangu hivyo, kila jioni, na kila jioni niliona kwamba Mungu amenipendelea kuliko wanawake wote wa Élisabethville.

Ndipo madaktari walipokipiga picha kifua chako, wakakuweka katika lile jumba la nyuma ya hospitali, tusiloruhusiwa kuingia. Tunaleta chakula mlangoni Alhamisi na Jumapili, mlinzi anakipeleka, tunasubiri nje ya ukuta mpaka arudishe vyombo. Lakini chakula hicho sikipiki mimi, na sijui kama kuna aliyekuambia sababu yake.

Siku ya tatu tangu uondoke, mama yako, Mamu, alikuja na mkeka wake akakaa jikoni. Nilikuwa nimesikia habari za desturi moja ya kwenu Kasai, sikufikiri kwamba ingenifikia. Mke akitoka nje ya ndoa, akanyamaza, kisha akampikia mumewe, chakula kinageuka kuwa ugonjwa, hata kifo. Dawa ni moja tu: mke aungame mbele ya ukoo na kumtaja mwanamume. Mamu alichukua mwiko wangu, nami sijaruhusiwa kuugusa tena. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwana yangu, siko nakukasirikia. Taja tu jina, kuku moja ikufe, mutoto yangu apone."

Nikamwambia sina jina la kutaja. Nikamletea picha ya ndoa, nikamwonyesha nyuso zako mbili, nikamweleza kwamba ulikuwa ukikohoa hata kabla sijalala chini ya paa lako. Aliitazama picha muda mrefu. "Basi wewe na huyo mwanaume mulianza zamani," akasema, akanirudishia.

Nilivumilia, kwa sababu nilikuwa na wewe. Kisha ikaja Alhamisi. Mlinzi alinipa kikaratasi chako, nikakibusu kabla ya kukifungua. Ndani mlikuwa na mstari mmoja: "Umupe mama kile anaomba, tupate amani."

Tangu siku hiyo siwezi kukaa. Uliandika hivyo kwa sababu umeamini, au kwa sababu umechoka? Najibu hivi nikiwa nimesimama, nikiketi najibu vile.

Nikuambie yote. Jana nilikuwa tayari kusema. Nilikwisha kuchagua hata jina, la yule mwimbaji wa sauti ya nne aliyehamia Kambove, nikaona kwamba yuko mbali na hataumia sana. Ingekuwa rahisi. Kuku angechinjwa, ningeoshwa, Mamu angenikumbatia, nawe ungepata amani yako. Nilikwenda mpaka mlango wa jikoni. Hapo nikakuona umepona, umerudi, unakula mezani pangu, na kati ya mkono wako na bakuli yuko yule mwimbaji wa Kambove, jioni zote za maisha yetu. Nikarudi chumbani.

Nilijaribu kusali Baba Yetu. Nikifika penye mapenzi yake ulimi unakwama. Nilimwambia Mungu mambo ambayo masista wangenipiga kwa ajili yake. Nilimwuliza kosa letu ni nini, sisi tuliongoja ndoa ya kanisa wakati wenzetu hawakungoja. Kama ametupa majuma saba ili tujue vizuri anachotunyang'anya. Hakunijibu. Mpaka sasa ninapoandika hajanijibu. Lakini nimeona kwamba sikuacha kumsemesha, na nimeona jambo lingine: katika shida hii yote, yeye peke yake hajaniomba niseme uongo. Basi nimeamua kukaa upande wake, hata kama ananyamaza.

Asubuhi hii nilimwambia Mamu kwamba leo nitapika mimi, na kwamba barua hii nitamsomea mwenyewe, neno kwa neno, kabla ya kwenda mlangoni. Akauliza, "Na kama akufe?"

Nikamjibu kwamba hapo watu wa ukoo wenu watasema nimekuua, nami nitawasikiliza wote, na Mungu atakuwa anajua.

Mamu akainua pembe ya mkeka, akautoa mwiko. Mulumba, alikuwa akiulalia! Akaniwekea kwenye kiti, akatoka nje. Hakusema kwamba ameniamini.

Hii hapa bukari, na majani ya kalembula kwa karanga, katika bakuli lenye ua jekundu tulilopewa siku ya ndoa. Kama nimewahi kumjua mwanamume mwingine, basi kwa sheria ya kwenu umeshika sumu mkononi. Mimi nakuambia ni chakula. Siwezi kukuahidi kwamba kitakuponya. Hata ukila, kifua kinaweza kuzidi kesho, na hilo halitatoka kwangu, wala si Mungu anayekulipiza kisasi. Ni ugonjwa, na sisi tumo ndani yake, na Mungu yumo pamoja nasi, hivyo ndivyo ninavyoamini, na bado naogopa.

Nimesonga vizuri siku hizi, utaona. Donge moja nimeliacha makusudi. Litafute.

Nitasubiri nje ya ukuta, nimevaa kitenge cha njano ulichokipenda, mpaka bakuli litoke. Likitoka tupu, nitaimba njia nzima mpaka nyumbani. Likitoka limejaa, nitalibeba kichwani vilevile, na Alhamisi nitapika tena.

Nakuacha na Mungu, ambaye sina mwingine wa kukuachia,

Mke wako