Ngagi Ametandika

Zoo, tarehe 9 juni 1965

Dada Victorine wa Buleusa,

Nakuandikia mbio mbio juu furaha inanizidi. Wametoa machuma! Tangu wakati wa Wabelgiji nyama za pori za hapa zilikuwa zinafungiwa ndani ya machuma, chini simenti tupu. Sasa tumechimba mufereji mukubwa kuzunguka, na katikati tumepanda miti na majani ya matungulu.

Unakumbuka ule ngagi walikamata kwetu Walikale? Kila jioni alikuwa anakunja-kunja mikono juu ya simenti, na hakuna kitu mu mikono. Direkta alisema, "Huyu gorila iko wazimu." Nikamujibu, "Hapana, Papa Direkta, anatandika. Kwetu ngagi anajitengenezea kitanda ya majani kila siku." Alinicheka.

Jana njo tulimufungulia. Alivunja majani, akayazungusha, akayakanyaga vizuri, akalala. Direkta akatoa kofia! Mimi nilipiga makelele mpaka watu wakakimbia kuona.

Dada, watu wa Bweremana waliniambia nyumba yetu iliunguzwa. Mu barua yako uliandika tu habari ya maharagi. Niambie: Mama anatandika wapi?

Kaka yako,
Théophile