Yale Padre Haruhusiwi Kuandika

Mumbuni, Machakos
Ijumaa, 7 Machi 2025

Kwa mwanangu Bartholomew,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linalalamika kila mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua inakaribia kwa maneno tu. Natumai nawe u mzima, na kwamba umeacha ile tabia ya kula chakula cha mchana saa kumi.

Jana jioni nilipigiwa simu na ofisa ambaye hakunipa hata nafasi ya kumjulia hali. Alisema helikopta aliyopanda mwanangu Lenny, mdogo wako, iliondoka asubuhi, ukungu ukaifunika milimani, na tangu hapo haijasikika. "Anatafutwa, mama," akasema. Nikamuuliza anatafutwa na nani. Akasema na wote. Nikamshukuru, nikaizima simu, maana haikupita nusu saa ukoo mzima ukaanza kupiga. Redio nayo nimeizima. Jirani yangu Nzilani amekuja mara mbili: "Mwalimu, si uwashe hiyo simu? Watu wako na wasiwasi." Nimemwambia wakae nao huko huko kwao.

Wewe ndiwe nitakayekuuliza. Miaka sita iliyopita uliketi sebuleni mwangu ukanishauri nimwachilie Lenny ajiunge na jeshi la anga. Ulisema ufundi wa ndege ni kazi ya kichwa wala si ya bunduki, na kwamba kambini atamkuta padre aliye damu yake. Nami niliyekulea tangu dada yangu alipofariki, nikakusikiliza kama waumini wanavyokusikiliza. Basi niandikie unachokijua. Mukai, yule wa Kithimani anayepeleka nyanya na vitunguu jikoni kwenu, amekubali kubeba barua hii na kuniletea jibu.

Ila usije. Ulinieleza mwenyewe kwamba padre wa jeshi ana kazi tatu: kuwabariki wanaoondoka, kuwasikiliza wanaobaki, na kubisha hodi penye msiba. Hiyo ya tatu usije ukaifanyia mlangoni pangu.

Ni mimi mama yako mdogo,
Kasiva


Kambini
Jumamosi, 8 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikinuka vitunguu, nami nimeisoma nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima. Goti lile lipake mafuta ya mbarika, na tafadhali usipande ngazi kukinga maji ya paa. Mwambie Nzilani akutumie mwanawe.

Ninachokijua ni hiki: waliondoka watatu, Lenny akiwa fundi wao, na mpaka saa hii ninapoandika hajarudi. Ndege mbili zimetoka tangu alfajiri kuwatafuta. Ukungu unazirudisha, zinatoka tena. Mimi na Sheikh Liban, imamu wetu, tunawangoja marubani kwenye banda la ndege. Ofisi yetu ni moja, meza mbili na birika moja. Leo alinichemshia chai ingawa yeye amefunga, nami nikaisahau mezani ikapoa.

Umeniamuru nisije, nami nimetii. Lakini elewa kwamba kwa kunikataza kuja umenifunga kalamu pia. Kwetu habari ya kifo haiandikwi wala haipigiwi simu. Padre huitamka kwa kinywa, amevua kofia, akiwa ana kwa ana na mwenye habari yake.

Mzee aliyenifunza kazi alinisimulia chanzo cha desturi hiyo. Wakati wa wakoloni, alisema, mapadre wa jeshi walikuja na ndege zao kutoka ng'ambo, wakazika watu wao kwa heshima zote. Mama wa Kiafrika aliletewa karatasi. Nchi ilipopata ndege zake na mapadre wenyeji, hao wa kwanza hawakuwa na kanisa. Walisalisha hapo bandani, katikati ya mapipa ya mafuta, altare yao sanduku la vyuma vya fundi. Siku moja mkubwa wa kambi aliwauliza wanahitaji nini, akidhani wataomba kanisa. Wakaomba gari. Walitaka kuwafikia akina mama kabla ya karatasi.

Basi ukiona nimekuandikia, ujue bado tunatafuta.

Mwanao,
Bartholomew


Mumbuni
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mwanangu Bartholomew,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti limepakwa mafuta. Ngazi sikuipanda, nilipanda kiti. Mukai alichelewa siku nzima. Anasema gurudumu lilipasuka, lakini nimemwona na viatu vipya, kwa hiyo nadhani gurudumu lilipasukia sokoni.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka nilisimama mbele ya darasa la tano nikawaeleza tofauti ya *hajarudi* na *hakurudi*. Niliwaambia: mtoto ambaye *hajarudi*, mama yake anamwekea chakula. Walicheka, wakaandika. Wewe pia uliandika, dawati la pili dirishani. Sasa nimewekewa neno hilo mezani pangu, na ninaliwekea chakula. Jana nilipika isyo, mahindi na maharage anayoyapenda, nikafunika sahani.

Hilo la karatasi halikunishangaza. Kaka yake mama yangu alipelekwa vitani Bama, kule Asia, na mwaka wa arobaini na nne nyanya yangu akaletewa karatasi yenye mhuri. Hakujua kusoma. Aliamini ni salamu za mwanawe, akaifunga kwenye kitambaa, akawa anaitoa kila jioni kuishika. Miezi minne. Kisha mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, mzee Shire, akapita kununua dume, na nyanya akamwomba amsomee salamu. Shire alisoma kimya, akairudisha, akasema macho yake hayaoni vizuri. Alirudi wiki iliyofuata na wazee wanne, akaisoma mbele yao. Nyumbani kwetu watu walimsifu Shire kwa busara. Nyanya hakumsifu. Alisema, "Angekaa na macho yake mabovu."

Zamani nilimwona nyanya mjinga. Sasa naona alipata miezi minne.

Sikuombi uniongopee, mwana wakwa. Nakuomba uendelee kuandika. Niambie aliamkaje siku ile, alikula nini, alisema nini. Habari za aina hiyo sidhani jeshi limezikataza.

Mama yako mdogo,
Kasiva


Kambini
Jumatano, 12 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba kiti ulichopanda ni kile chenye miguu minne. Huku mvua imeanza. Mimi naendelea na kazi.

Umeuliza kuhusu asubuhi ile, nami naikumbuka vizuri. Lenny alikunywa chai ya rangi na mandazi mawili, la tatu akaliweka mfukoni kwa safari. Alikuwa amenyoa. Nilipofika uwanjani kuwaombea, alinisogelea akaninong'oneza, "Padre, leo omba kwa Kikamba. Ngai wa Ukambani hana foleni." Wenzake wakacheka. Rubani, ambaye ni mtu wa pwani, akauliza kama sala hiyo itamfikisha na yeye. Lenny akamjibu, "Wewe utabebwa kama mzigo." Nikaomba kwa Kikamba, kwa kifupi, kwa kuwa injini ilikuwa imeshawashwa na sikusikia hata sauti yangu. Niligusa mabega yao mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa wa mwisho kupanda, akaufunga mlango, akanionyesha ishara kwamba kofia yangu imekaa vibaya. Nikairekebisha. Hivyo ndivyo alivyoondoka siku ile ambayo hakurudi, mchangamfu, bila haraka, kama mtu anayetoka kununua sukari.

Watu wengi hudhani baraka ya padre ni kinga. Sijawahi kuwafundisha hivyo askari wangu, wala mimi sikufundishwa hivyo. Wale wa kwanza waliosalisha bandani walisema tunambariki mtu ili asiondoke peke yake. Nililisema neno hilo katika mahubiri mwaka baada ya mwaka, na lilisikika zuri. Wiki hii nimejaribu kulisema tena, nikalikatisha katikati.

Sheikh Liban anakusalimu. Anamkumbuka Lenny kwa jinsi alivyomtengenezea kipaza sauti cha msikiti, kisha akakijaribu kwa kutangaza bei ya mbuzi.

Kula, mama. Ile sahani uliyoifunika, ule wewe.

Mwanao,
Bartholomew


Mumbuni
Alhamisi, 13 Machi 2025

Bartholomew,

Hujambo.

Barua yako ya jana, aya ya pili, karibu na mwisho. *Siku ile ambayo hakurudi.* Nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Nilijiambia ni uchovu. Nikatoa barua ya Jumamosi nikailinganisha nayo; pale uliandika *hajarudi*, na mwandiko ni ule ule, umenyooka. Nikajiambia labda huko jeshini Kiingereza kimekuharibu. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha. Hukuwahi kukosea nyakati za vitenzi, hata ulipokuwa na malaria. Na hiyo sahani unayoniambia niile mimi, unajua nilimwekea nani.

Kwa hiyo ulijua. Uliketi ukaniuliza kuhusu kiti, ukanichekesha kwa mandazi na bei ya mbuzi, nami nilicheka, Bartholomew, nilicheka jikoni peke yangu, na wewe ulikuwa unajua.

Sitaki kubishana nawe kuhusu desturi za mapadre. Waliomba gari, ni vyema. Walidhani kila mama anaogopa karatasi. Mimi maisha yangu yote yamekuja kwa karatasi: kuajiriwa, kuhamishwa, kufiwa na mume, kustaafu. Mtu akinisimamia mlangoni amevua kofia, nitalazimika kumkaribisha, nimpe kiti, nimwulize kama atakunywa chai. Nitakuwa mwenyeji. Sina nguvu ya kuwa mwenyeji.

Liandike. Kwa mkono niliouongoza mimi kwenye herufi ya kwanza. Nikuone umeliandika, nilisome nikiwa nimefunga mlango, bila mtu wa kunitazama uso. Mimi niliyekukataza kuja ndiye ninayekuomba. Mukai ameniahidi kwamba atafika kwenu kabla ya giza, na kesho atarudi na jibu.

Kasiva


Kambini
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Sitakuuliza hali.

Sikujua kwamba nimeliandika neno lile mpaka uliponionyesha. Helikopta waliipata Jumanne alasiri. Mimi nilifika huko milimani Jumanne hiyo hiyo, kwa miguu, pamoja na askari wa uokoaji. Nilirudi, nikaambiwa familia tatu zipewe habari siku moja na saa moja, baada ya madaktari kuthibitisha majina, ili pasiwe na mama atakayeipata kwa jirani. Ni agizo la haki. Nimewahi kulitetea mbele ya akina mama wengine, kwa maneno mazuri. Jumatano nikaketi kukuandikia kwa sababu ulikuwa umeniomba nisiache, na kwa sababu sikujua niache vipi bila wewe kuelewa.

Nililiomba jukumu la kuja kwako nikakataliwa. Padre hapeleki habari nyumbani kwao mwenyewe. Hilo nalo ni agizo la haki. Nimemwendea mkubwa wa kambi mara tatu. Mara ya tatu alinyanyuka akanikumbatia, akanikatalia akiwa amenikumbatia. Ndipo Sheikh Liban akaomba aende yeye, kwa kuwa alimfahamu Lenny. Wamemkubalia. Nimemwambia akueleze usimpe chai, kwamba yuko katika mfungo wa Ramadhani, hivyo huna haja ya kuwa mwenyeji wake. Nimemwomba angoje mpaka uketi. Nimemwomba asiseme "pole" kabla ya kusema jina.

Barua yako ilinifikia jana usiku. Nimeandika majibu manne na kuyachana. Saa kumi na mbili asubuhi hii gari lao limeondoka. Nimesimama langoni likipita, Sheikh akanipungia mkono, nami sikumpa barua, kwa sababu ilikuwa bado haijaandikwa. Mukai anapakua nyanya. Anasema hawezi kuondoka kabla ya saa mbili. Nimemsihi, akaniambia, "Padre, hata nikiruka." Kwa hiyo watafika kwako saa nne, na haya yatafika mchana. Utakapokuwa unasoma utakuwa umeshaambiwa, mlango ukiwa wazi, na watu wakikutazama uso. Uliniomba jambo moja, na nimelichelewesha kwa kutafuta namna ya kulifanya vizuri.

Naandika hata hivyo. Hakuna padre aliyewahi kufanya hivi kambini hapa, na nikiulizwa nitasema ndiyo, nilifanya.

Lenny amekufa, mama. Alikufa Alhamisi tarehe sita, kabla ya adhuhuri, pamoja na wenzake wawili. Mlango aliufungua, alikuwa ametoka nje hatua chache. Nilimwosha uso mimi mwenyewe. Ni yeye.

Mwanao,
Bartholomew