Baba Carmel, Kuhusu Ile Safari ya Milimani

Mwaka umekatika, Baba Carmel, tangu Jumatatu ile ya tarehe 9 Juni 2014, ulipokaa kwenye kiti chako kibandani pale Point, hapa Durban, ukamwambia mdogo wako Anaclet kwamba kichwa kinakuuma, kisha usiinuke tena. Daktari alisema ni presha. Nilimuuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu alinijibu kwa sauti ya kunionea huruma. Unanijua, mimi siamini kitu mpaka nikishike.

Wewe, Ildephonse Nduwimana wa Bujumbura, ulikuwa fundi wa funguo, na watu wa Point na Sydenham wanakukumbuka kwa milango uliyowafungulia. Yule gogo, bibi mzee jirani yetu, alipojifungia nje Jumapili, na nguo za kanisa mwilini, ulienda na suti yako ukapiga magoti kwenye sementi. Kufuli lilipoachia uliupa mlango mgongo mpaka mwenyewe akaingia kwanza. Ulikuwa unasema fundi wa funguo akichungulia ndani, kazi yake imeisha. Hukuchukua kwake kitu zaidi ya sahani ya maandazi, na hata hayo uliyafikisha nyumbani bila kuyaonja.

Ulivaa lile sweta la kijivu hata mwezi wa pili, Durban nzima ikijifuta jasho. Ulipiga mluzi kila tuliposimama kwenye robot, taa ikigeuka kijani ukanyamaza. Ulimsuka Carmel nywele vibaya, naye akaenda shule hivyo hivyo ili asikuudhi.

Na ulikuwa na mke anayeshuku. Nilikuuliza ulikotoka, uliyeongea naye, kwa nini simu haikushikwa. Hukuwahi kunisema mbele za watu. Mimi, kwa upande wangu, nimekusema. Ndiyo maana leo nataka kuieleza ile safari ya Julai 2013. Wapo wanaosoma hapa waliosikia nusu ya habari, na nusu hiyo niliitoa mimi.

Dada yako Laetitia, anayekaa Chambéry kule Ufaransa, chini ya milima ya Alpi, alikuwa hajatutumia hata kadi ya Noeli kwa miaka sita. Ghafla akatuma tiketi za watu wanne, mje mpumzike, watoto waone milima. Mtu wa hivyo unamwamini vipi? Wewe ulifurahi. Ukafunga mabegi mwenyewe, wewe usiyejua hata soksi zako zinawekwa wapi. Ulipoingia bafuni nililifungua begi lako. Chini ya mashati nikakuta ripoti za shule za Carmel na Prodige, kadi zao za chanjo na vyeti vyao vya kuzaliwa. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Likizo ya wiki mbili, ripoti za shule za nini?

Chambéry nako mambo yalikuwa yameandaliwa kupita kiasi. Laetitia alituonyesha chumba chenye vitanda viwili vipya, kimoja kimetandikwa shuka yenye farasi, na Carmel anapenda farasi kuliko chakula. Chini ya dirisha palikuwa na viatu vya baridi jozi mbili. Ilikuwa Julai, watu wanakula aiskrimu. Nikaingiza mkono kwenye vile viatu, vilikuwa saizi za watoto wangu kabisa. Wifi yangu akanitazama, akaniuliza kama nimechoka na safari.

Kesho yake mchana, nikiosha vyombo, nyinyi wawili mlikuwa nje mnaongea Kirundi. Mimi ni mtu wa Bukavu, Kirundi chenu nakipata nusu nusu. Lakini "ishure" ni shule, hilo halihitaji mkalimani, na nililisikia mara nne. Nilipotoka na taulo mkononi mkahamia kwenye habari za hali ya hewa.

Hapo ndipo nilipoamua. Mwenye mume fundi wa funguo hana pa kuficha kitu, kwa sababu kufuli gani lingekushinda? Basi sikutumia kufuli. Laetitia alikuwa ametuazima gari lake, na kiti cha mtoto kwa ajili ya Prodige, aliyekuwa na miaka mitano. Nikakivua kile kiti kitambaa, nikaweka pasipoti mbili za watoto juu ya sponji, nikakivisha tena. Nilijiambia, bila hizi hakuna anayebaki hapa wala anayeandikishwa popote. Usingizi uliokuwa umenikimbia tangu Durban ukanirudia.

Laetitia alibaki kazini, sisi wanne tukaondoka kwa siku tatu. Kutoka kituo cha mafuta ulishika kushoto kama uko Overport kwetu Durban, lori likatupigia honi mpaka Carmel akajikunja chini ya kiti. Prodige alitapika kona ya kwanza, na ya nne, na kule mbele tukaacha kuhesabu. Carmel yeye alihesabu mahandaki, akafika kumi na saba, mdogo wake akambishia, akaanza upya. Tulikuta ng'ombe wamefungwa kengele shingoni, kila mmoja na yake. Prodige akawaangalia kwa makini.

"Papa, hizi ng'ombe ziko na alarm?"

"Ndiyo," ulimjibu. "Na hapa hakuna anayeziiba."

Ulicheka, mimi sikucheka. Niliona unawauzia watoto ile nchi kidogo kidogo, leo ng'ombe, kesho ziwa. Tulipofika juu kabisa, barabara ilipomaliza kupanda, palikuwa na theluji chafu iliyobaki kandokando. Ukamshika Carmel mkono mkaenda mbali kidogo, mimi nikimfuta Prodige mdomo. Ukachuchumaa mbele yake. Nikaona midomo yako inavyokwenda, nikamwona mtoto anaitikia kwa kichwa. Ulikaa umemshika mabega muda mrefu.

"Mlikuwa mnaongea nini?" nilikuuliza mliporudi.

"Theluji."

"Theluji gani iko na maneno mengi hivyo?"

Ukawasha gari.

Siku ya pili tukafika mpaka wa Uswisi. Magari yote mbele yetu yalipungiwa mkono yapite, letu likasimamishwa. Afisa aliomba pasipoti kwa Kifaransa cha adabu. Ukafungua mkoba wako ukatoa mbili, yangu na yako. Ukaupekua tena. Ukaumwaga kwenye mapaja yako, na nikaona jasho likikutoka ndani ya lile sweta.

"Mama Carmel, pasipoti za batoto iko wapi?"

Nikatazama mbele. Mungu ananiona, nilitazama mbele.

Afisa akatuamuru tuegeshe pembeni. Akainama dirishani, akamuuliza Carmel kama mimi ni mama yake. Carmel alikuwa na Kiingereza cha shule na Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa hakukielewa, akabaki ananiangalia. Afisa akaandika kitu. Akamwita mwenzake, mwanamke mwenye sura nzuri, aliyefungua mlango wa nyuma na kuwanyooshea wanangu mkono, waende naye ndani kuongea kidogo. Maisha yangu yote nimewashuku watu, lakini ile ilikuwa mara ya kwanza kuona mimi mwenyewe ninavyoshukiwa. Walidhani tumewaiba.

Nikamtoa Prodige kwenye kiti, nikakivua kitambaa, mkono unatetemeka. Pasipoti zilikuwa zimelowa matapishi. Afisa alizipokea kwa vidole viwili, akazifungua ukurasa kwa ukurasa, akatuambia twende. Wewe ulikitazama kile kiti, kisha ukanitazama mimi. Uliendesha kama kilomita tano.

Ukaegesha mahali penye meza za mbao, watoto wakakimbilia majani.

"Ulizificha kwa sababu gani?"

"Na wewe, ripoti za shule ulileta za kitu gani huku?"

Ukazima gari. "Dada aliniomba watoto babaki kwake, basome. Nilimwambia nitafikiri. Elfu mbili na nane umeisahau, Mama Carmel, vile walipiga sisi wageni? Anaclet alilala juu ya dari siku mbili, watu wako chini wanamtafuta na fimbo. Eish, niko naogopa. Iko siku itarudi."

"Na mimi ulikuwa utaniambia wapi? Airport?"

"Nilikuwa nitakuambia. Sasa imekwisha. Tunarudi Durban wote wanne."

"Nani amekubadilisha?"

"Hakuna mtu," ukasema, ukatoka kuwaita watoto.

Tulirudi wote wanne. Laetitia alilia mlangoni, mimi nikafurahi alivyolia, nasema kweli. Na tulipofika nikaanza kutangaza. Saluni, kanisani, kwa mama wa pembeni ya kibanda chako, nilisema mume wangu alitaka kuniibia watoto awape ukoo wake, nami nikamshinda akili. Walionisikia wakakuangalia kwa jicho la pembeni. Ulijua. Wateja wengine walikutania usoni. Mwaka mzima uliobaki wa maisha yako hukufungua mdomo kujitetea, na mimi nilichukua kunyamaza kwako kuwa ndiyo ushahidi. Kwenye mazishi yako nilimwondoa Laetitia kwenye kiti alichokalia karibu na watoto. Watu waliona.

Kisha ikaja Aprili mwaka huu, na kile ulichokiogopa, wageni wakaanza kupigwa na kufukuzwa tena. Anaclet alifunga kibanda, shule ikatuambia tuwaweke watoto nyumbani, na sisi tukahamia kwenye ukumbi wa kanisa na familia nyingine. Laetitia alipiga simu kila siku. Sikuipokea. Mchana mmoja tulikuwa tunachambua mchele, mimi na Carmel, mdogo wake akicheza nje na wenzake. Carmel ana miaka kumi na moja sasa. Akaongea bila kuinua macho kwenye sinia.

"Mama, iko kitu Papa alinikataza kukuambia."

"Sema."

"Pale kwa theluji. Aliniuliza kama ninataka kubaki kwa tantine Laetitia. Nikasema ndiyo. Nikasema ninataka sana."

Nikamuuliza kwa nini. Nilitegemea aseme farasi.

"Kule tulilala dirisha wazi," alisema. "Na wewe hukuamka kuangalia mlango."

"Papa akasema nini?"

"Alisema sharp, ni sawa. Kisha akalia kidogo. Akaniambia nisikuambie, utaumia, yeye atasema ni wazo lake. Na kesho yake, pale kwa mpaka, aliona vile mikono yako inatetemeka. Wakati alikuja kutuita kwa majani akaniambia, 'Carmel, tumngoje Mama kwanza, mpaka awe tayari.'"

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mimi niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya ukumbi, mahali pa kufulia, nikalia mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo.

Baba Carmel, miaka yote nilikuwa nakuangalia mikono, kumbe mdomo wangu ndio uliokuwa wa kuangaliwa. Mtoto wetu alitaka kubaki, ukalijua hilo, ukaona heri mke wako akuite mwizi kuliko asikie binti yake anatamani kulala mbali naye. Uliubeba uongo wangu sokoni, kanisani na kibandani, ukaenda nao kaburini. Naomba radhi. Naomba mbele ya wote niliowaambia lile neno, na kila aliyelipokea kwangu na alirudishe.

Wiki iliyofuata niliipokea simu ya Laetitia. Sijageuka malaika. Nimemuuliza kuhusu shule, nani anampeleka, nani yuko nyumbani saa kumi, kwa nini hana mume. Amenijibu yote, hata hilo la mwisho. Nimemuuliza Carmel upya, ana kwa ana, bila kumkunjia uso, na nimempa siku tatu za kujibu. Jibu lake halikubadilika. Prodige anabaki na mimi, amesema yeye na zile kona basi.

Carmel anaondoka mwezi wa nane. Nitampeleka mwenyewe, nitamtandikia kitanda, na dirisha la chumba chake nitalifungua mimi.

Ulisema mningoje. Mmeningoja miaka miwili, na wewe hukuimaliza. Baba Carmel, niko tayari.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili tarehe 14 Juni, hapa Sydenham, saa tatu asubuhi.

Unakumbukwa na mkeo Agathe, wanao Carmel na Prodige, mdogo wako Anaclet anayeendeleza kibanda, na dada yako Laetitia wa Chambéry, ambaye jina lake nimeliandika hapa kwa hiari yangu.

Hatutakusahau, leo wala siku yoyote tutakayopewa kuishi.